Chumba cha Mizigo

Mbuzi watatu wa Bi Maua walikuwa tena chumbani, wakiilamba sakafu kana kwamba wamemwagiwa uji. Fundi Bernardo aliwafukuza kwa mwiko, akafanya ishara ya msalaba, akapiga magoti kuitazama kazi yake ya juzi.

Imelowa. Imepasuka. Na juu yake umeota tena ule ukungu mweupe.

"Nyumba iliyojengwa na watu wasiojua pimamaji," alinung'unika, "na sasa inatunzwa na mtu asiyejua ufagio."

"Leo hakuna shikamoo, fundi?" Bi Maua aliuliza kutoka mlangoni. Ufagio alikuwa nao mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Naona mvua imenyesha humu ndani tu."

Bernardo alizidi kuinamia sakafu. Padri alitaka kukikodi chumba hicho kwa darasa la jioni, watu wazima wajifunze kusoma. Alikuwa amemwambia waziwazi: sakafu hii ikikauka kabla ya Pentekoste, sakafu ya kanisa jipya la Itetemia ni yako, isipokauka, nitamwita Justus. Justus! Mtu anayekoroga saruji kama togwa! Ili asipitwe na mtu wa namna hiyo, Bernardo alikubali kumfanyia Bi Maua kazi bila ujira. Tena alibakiwa na nusu mfuko tu wa saruji, zawadi ya Padri. Tangu vita vianze, dukani kwa Jivraj hapakuwa na saruji, mafuta ya taa, sukari wala chumvi.

Alipitisha kidole kwenye nyufa. Kingo zake zilikuwa zimekwanguka.

"Hata panya wa nyumba hii hawana adabu."

"Enzi za misafara, marehemu mume wangu alilaza humu mizigo ya Uvinza," Bi Maua alisema. "Unyevu uko chini kabisa, mwanangu. Lakini huko ni kuchimba, na mikono yako naona ni ya kushika rozari tu."

Hapo alimchoma.

"Nitachimba mpaka nikute udongo mkavu, Bibi. Wewe kaa na mbuzi wako."

Alichimba siku sita. Udongo mweusi unaonata aliurusha uani, kapu baada ya kapu. Kila alipopumzika, kichwa cha Bi Maua kilichungulia shimoni.

"Bado unyevu, fundi. Au niwaite wanawake wenzangu wakupokee sululu?"

Bernardo alitema mate viganjani, akachimba kina cha mkono mwingine mzima.

Siku ya tano wingu lilitanda, akamwona ajuza akihangaika kulifunika lile rundo la udongo kwa ngozi za ng'ombe. Bernardo aliegemea sululu, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Bibi, unauogopea udongo usipate mafua?"

"Wewe chimba, mwanangu."

Jumapili alikisimulia kisa hicho nje ya kanisa, na wanaume wakashika mbavu. Ndio watu wa zamani hao, aliwaambia. Hata uchafu wao wanauonea huruma.

Shimo alilijaza mawe na kokoto, akashindilia, akamwaga zege jembamba juu. Siku zikapita. Mbuzi waliingia, wakanusa, wakatoka. Mkesha wa Pentekoste Padri aliinama, akaweka kiganja sakafuni, akakigeuza kukitazama. Kikavu.

"Itetemia ni yako, Bernardo."

"Ni Mungu, Padri," alijibu kwa unyenyekevu, ingawa moyoni alijua vizuri ni nani.

Alipita mbele ya nyumba ya Justus polepole, bila sababu, kisha akaenda kwake. Mkewe Apolinaria alimwandalia ugali na mlenda. Bernardo alimega, akachovya, akaacha kutafuna. Miezi minne walikuwa wakila mboga chapwa.

"Chumvi hii umeipata wapi?"

"Kwa Bi Maua, nimempa yule jogoo wako. Mji mzima uko uani kwake na vibakuli. Anauchuja ule udongo wako uliolowa chumvi ya ile mizigo ya Uvinza, maji yake anayachemsha. Maskini, alikuwa akiikwangua ile sakafu kwa kijiko usiku na mchana, mpaka akampata mwanamume wa kumchimbia bure."