Kiti cha Omer

Watu wote wa avenyu walichukia nyundo ya Dodo, isipokuwa Mignonne.

Alikuwa mke wa Omer, kaka yake Dodo, na chumba chake kilipakana na gereji. Nyundo ilipoanza kugonga bodi ya gari, majirani walitukana kupitia ukutani. Mignonne alimchungulia shemeji yake dirishani akitabasamu.

"Gonga tu, bofrere. Mi hainisumbue. Utagonga mupaka saa ngapi?"

Dodo alimtajia saa, naye akarudi chumbani na kujifungia. Tangu mumewe aondoke alikuwa akipika sufuria nzima ya bukari, yaani ugali, kwa mtu mmoja. Dodo alimwonea huruma, maana kosa lilikuwa lake yeye Dodo.

Mtaa wote wa Kasulo ulikuwa ukichimba kobalti chini ya nyumba. Watu walichimba jikoni, walichimba sebuleni, na asiyechimba alichekwa. Dodo alikataa. Nyumba mbili za avenyu yao zilikuwa zimezama na watu wake ndani, na hakutaka nyumba ya marehemu baba yao iwe ya tatu. Isitoshe, yeye na Omer walikuwa na kazi yao: Toyota kuukuu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, waliyoichomelea vyuma ndani ili siku moja iteleze kwa ubavu mbele ya umati, kwenye mashindano ya drift kule Lubumbashi. Miaka mitatu waliihangaikia. Tairi la kwanza lililolika kwa kuteleza, kabla injini ya zamani haijafa, Omer alilikata akajishonea viatu, na hakuvivua tena ila wakati wa kulala.

Kisha likapita gari lenye kipaza sauti. Avenyu yote itabomolewa, kampuni ya madini itazungusha ukuta, kila mtu ahame. Wakapewa mwezi mmoja.

"Tutaachia bageni mali ya baba?" Omer aliuliza siku hiyo. "Bantu bote banachimba. Siye tu njo tunalala juu yake."

"Hapa hakuna mutu atachimba," Dodo alijibu. "Kama unataka shimo, enda uchimbe kwenye hauna ndugu."

Ilikuwa kauli mbaya, na aliijutia kabla hajafunga mdomo. Kesho yake Mignonne alisema Omer amepanda treni kwenda Mutshatsha kwa wajomba. Wiki tatu zikapita, hata simu hakupiga.

Sasa ilikuwa Ijumaa, na tingatinga zingefika Jumanne. Amri ilikuwa moja: chenye kutembea kitoke, kisichotembea kitasagwa pamoja na nyumba. Dodo alikuwa ameshapanga kila kitu. Angelitoa gari, aende nalo moja kwa moja hadi Mutshatsha, asimame mlangoni kwa wajomba na kumfungulia kaka yake mlango wa gari. Kiti cha pili alikuwa ameshakifunga. Hakukusudia kusema mengi zaidi ya kuomba msamaha.

Ilibaki pampu ya mafuta tu, injini iwake.

"Utawasha motere siku gani?" Mignonne aliuliza asubuhi hiyo, beseni kichwani, akielekea sokoni.

"Siku ya yenga," Dodo alijibu, akimaanisha Jumapili. "Pampu iko njiani bado."

"Na leo?"

"Leo ni kugonga tu, mupaka mangaribi. Mulango moja haufunge muzuri."

"Bon. Gonga tu, bofrere."

Saa sita honi ililia nje. Alikuwa Sadiki, dereva wa lori aliyeagizwa pampu, ametoka Likasi siku mbili kabla ya ahadi, na pampu ilikuwa mkononi mwake.

"Mungu hatupi mja wake," Sadiki alisema, akaenda zake.

Dodo aliifunga pampu. Likabaki jambo la walinzi wa kampuni. Walipita mitaani wakinyang'anya kila mashine yenye kunguruma, wakidhani inavuta maji shimoni. Ilibidi gereji ifungwe, na moshi wa gari ndani ya gereji iliyofungwa unaua. Dodo hakuwa mjinga. Sakafuni kulikuwa na ufa mpana, uliofunguka mwezi huo huo, bila shaka kwa mitikisiko ya tingatinga za avenyu ya pili. Akafunga mpira mrefu kwenye bomba la moshi, akauingiza ufani, akaziba pembeni kwa matambara.

Injini iliwaka kwa jaribio la tatu. Ardhi ikameza moshi, ikameza na kelele, hata jirani hakugutuka. Dodo alilia kwa furaha, peke yake, bila aibu. Akaiacha ingurume saa nzima, kama inavyotakiwa kwa injini iliyofungwa upya, mkono wake ukiwa juu ya kiti cha Omer.

Mignonne alirudi saa tisa. Alisukuma mlango wa gereji akasimama.

"Ulisema siku ya yenga."

"Pampu imefika. Sikia, dada, sikia vile inaimba."

Hakusikiliza. Macho yake yaliufuata mpira kutoka nyuma ya gari mpaka sakafuni.

"Depi saa ngapi?"

"Tangu saa nane hivi."

Beseni lilianguka, nyanya zikatawanyika, naye akawa ameshakimbia. Dodo alizima injini akamfuata, bila kuelewa. Alimkuta chumbani akivuta kitanda kwa mikono miwili.

Chini ya kitanda hapakuwa na sakafu. Kamba iliyofungwa kwenye nondo ya ukutani ilishuka gizani, na kando yake moshi ulikuwa ukipanda taratibu. Ukingoni, vimepangwa vizuri, kulikuwa na viatu viwili vya tairi.