Wembe wa Siku ya Saba

Wembe ulipoukaribia utosi wa mtoto, Arafa aliudaka mkono wa mama mkwe wake.

Mtoto alizaliwa wa miezi saba. Kitovu chake kilikuwa kingali kinavuja damu isiyotaka kuganda. Pacha wake damu ilimvujia ubongoni, utosi ukavimba, wakamzika juzi. Hospitalini lilikuwapo sanduku la kioo la kuwatia watoto joto, lakini lilikuwa la watoto wa Kizungu, nalo lilikaa tupu. Huyu aliyebaki, Arafa alimfunga kifuani mwake, katika baridi yote ya Meru.

"Akikwaruzwa kidogo tu, damu haitasimama, mama."

"Wajukuu wangu wote nimewanyoa siku ya saba. Leo wewe ndiye daktari?"

Wanawake waliokuja kwenye akika wakacheka.

"Wazungu walimnyima sanduku lao, sikuwaomba mara mbili. Nanyi siwaombi. Huyu hanyolewi."

"Na wageni niwaambie nini?"

Arafa akateremsha kanga kutoka kichwani, nywele zake zikawa wazi, akaketi wima mbele ya wembe, mtoto angali kifuani.

"Waambie nywele zimepatikana."

Kicheko kikakatika. Mama mkwe akaulowesha wembe.