Mwongozaji Aliyenguruma Peke Yake

Simba alinguruma usiku wa manane, Digidigi akamficha mwanawe Chepe kichakani, akaenda kuchungulia. Kumbe ni Fisi, peke yake jukwaani! Zamani alisifika kwa kuigiza simba. Sasa ni mwongozaji, kutwa kuwafokea waigizaji waoga, na Digidigi, mmoja wao, kwa woga huohuo alikusudia kuacha uigizaji kesho.

"Mzee Fisi, mbona hungurumi hivyo mbele ya watu?"

"Mama Chepe, siku moja nilisahau maneno, ukumbi mzima ukanicheka. Tangu hapo macho ya watu nayaogopa."

"Na sisi unatufokea!"

"Wenzako wakijua, nani atanisikiliza?"

Digidigi akacheka, woga ukampungua. "Basi siachi, kesho napanda jukwaani. Nikisahau, ninong'oneze nyuma ya pazia, usifoke. Nami sitamwambia mwingine yeyote."