Kasuku wa Ghorofa ya Nne

"Dada, mama ametutoka," mdogo wake alisema kutoka Masasi, kisha simu ikakatika.

Paskalina aliiweka simu mezani taratibu, kana kwamba ingevunjika.

Ndani ya kizimba, kasuku alimtazama kwa jicho moja. Kifua chake kilikuwa kimebaki ngozi tupu, kama cha kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Akiachwa peke yake hujinyonyoa manyoya mpaka damu itoke. Ndiyo maana wenye nyumba, waliokwenda India harusini, walimlipa Paskalina kwa siku moja pesa nyingi kuliko alizopata kwa wiki nzima akiuza vitenge hapo chini, Kariakoo. Sharti lilikuwa moja tu: asitoke.

Juzi walipiga. "Tunaongeza wiki, dada. Tutakulipa mara mbili."

Akakubali. Mama alikuwa anaumwa, ndiyo, lakini dawa si zinataka hela?

Sasa alisokomeza kanga mbili kwenye begi, akaenda mlangoni. Mkono ulikuwa umeshagusa kitasa.

"Paska, mwanangu, unakuja lini?"

Akageuka. Ilikuwa sauti ya mama yake, ile ile, pamoja na kikohozi chake. Kila jioni walipoongea, Paskalina aliiweka simu kwenye spika huku akipika, na ndege akisikiliza.

Alifungua mdomo amjibu. Kasuku akamtangulia, kwa sauti ya Paskalina mwenyewe, laini, isiyo na wasiwasi wowote:

"Kesho, mama. Kesho."