Taa Inayochoma Macho

Mayai yale yalikuwa yameozeshwa makusudi. Xavérine alifunua bakuli lililoachwa mlangoni mwa mpangaji wake, harufu ikampanda puani, akageuka kutema mate. Ndani mlikuwa na ute mtupu wa siku nyingi uliotiwa chumvi, umeota utando wa kijani. Viini vyote vilikuwa vimemwagwa chooni, kana kwamba Gisenyi nzima imeshiba.

Mpangaji huyo, Gasana, alikuwa mpiga picha. Ute aliupaka kwenye karatasi, akaongeza dawa iliyomwachia vidole vyeusi, kisha akaanika karatasi juani chini ya filamu hadi picha itokee. Mvua za Machi, mwaka huo wa 1999, zilipoficha jua, akajiundia lake: sanduku la mbao lenye taa za neon za zambarau, zile zinazovuta nzi kwenye bucha. Na uchafu wote huo ni kwa picha moja tu, ileile kila siku: yeye mwenyewe, mke na mtoto, wamesimama mlangoni kwao.

Sasa ilikuwa Juni, jua limerudi, na bado alijifungia ndani. Xavérine alikuwa amemkinai. Akiviona vidole vile vikimega ubugari, ule ugali wa muhogo, hamu ya kula ilimtoka.

Mlango ukafunguka. Gasana alitoka macho mekundu, yamevimba, kamasi zinamtiririka.

"We Gasana, kila siku unatoka hivi?"

"Ni taa, Mama Keza. Iko inachoma macho."

"Na ile blanketi chini ya mulango?"

"Ni juu ya mwangaza, isitoke. Isichome mutoto wako."

"Bon. Mutoto wangu iko analala nyuma ya hii ukuta. Kesho utoke na taa yako, na hii uchafu yote."

Gasana aliomba wiki moja tu, maana hakubaki na ndugu hata mmoja wa kumpokea, huku akijifuta pua kwa mkono wa shati. Xavérine akakataa.

Akashuka moja kwa moja hadi kwa Muhamadi, mwenye bucha aliyemwazima Gasana neon zile. Juu ya nyama, nzi walikuwa wakiungua na kudondoka kwenye trei. Hapo napo alishika pua.

"Muhamadi, kuja utoe taa zako kwangu. Zitaua mutoto wangu macho."

Muhamadi aliweka kisu chini. "Taa gani? Gasana alizirudishaka tangu Pasaka. Akasema picha imetoka muzuri, hana kazi nazo tena." Akanyoosha kidole juu, kwenye kile chombo cha kuulia nzi. "Njo zile zenyewe."

Xavérine aliinua uso. Alizitazama kwa muda mrefu, zikiwaka zambarau juu ya kichwa chake. Hazikumchoma macho.