Mafua ya Paka

Siwema alikuwa akilainisha matongotongo ya mtoto wa paka kwa pamba na maji ya uvuguvugu, ili macho yaliyogandana yafunguke, shemeji yake Vuai alipoingia uani na gunia. Wengine wawili, nao wana mafua, walilala kapuni.

"Shemeji, nipe hao. Mwanangu anakohoa kwa sababu ya paka wako."

"Mafua ya paka hayampati mtu. Mpeleke mtoto hospitali, Vuai."

"Umeshakuwa daktari leo?"

Akawazoa wale wawili, akawatia guniani, akalibamiza gunia ukutani. Siwema akamweka chini aliyemshika, akanyakua mchi wa kinu, akampiga nao mkononi. Mfupa ukalia. Vuai akaanguka magoti, akimtukania mama, lakini gunia hakuliachia; alilihamishia mkono mzima.

"Liachie! La sivyo na huo nauvunja."

"Uvunje! Nitawaua kwa meno!"

Nyuma ya ukuta, mtoto wa Vuai alikohoa mpaka pumzi ikamkatika. Baba yake akageuka kusikiliza, machozi yakimtoka. Mchi wa Siwema ulikuwa ungali juu. Ndani ya gunia, kitu kikapiga chafya.