Petroli ya Mbaruku

Siku ile mjinga alikuwa Beatus, na leo anakubali mwenyewe. Ila asubuhi hiyo, pale kwenye kibanda cha mafuta cha Mbaruku, ungemwambia hivyo angekurukia.

Alisimamisha bajaji iliyokuwa ikimrudisha mkewe kutoka hospitali, akashuka na chupa ya plastiki. Balbina alibaki ndani, maziwa yakilowesha kanga, mikono haina cha kubeba.

"Mbaruku! Mafuta gani haya umeniuzia?"

Jana yake, uchungu ulipomshika Balbina kule kijijini Mbingu, Beatus alimpakia kwenye pikipiki wakaondoka. Katikati ya njia pikipiki ikazima. Beatus alipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Gari la kuwabeba lilipopatikana, mtoto alikuwa ameshachoka. Alizaliwa Ifakara, hakulia.

Alfajiri Beatus aliifuata pikipiki, akakinga petroli ya kwenye tenki. Ndani ya chupa ikajitenga: juu petroli, chini majimaji.

"Umetia maji! Umeniulia mwanangu!"

Mbaruku alivuta yale ya chini kwa mrija, akayadondoshea kiganjani, akanusa.

"Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Lakini hii gongo. Mimi mtu wa swala tano, gongo naitoa wapi? Nusa mwenyewe."

Beatus alinusa. Aliijua mpaka nyumba ilikopikwa. Basi ndiyo kwanza akapandisha sauti, madereva wa bodaboda wakasogea.

"Mimi fundi, usinichezee! Spiriti kavu, isiyo na maji, kidogo tu, inapandisha okteni, injini inaacha kugonga. Gongo je? Nusu yake maji! Inazama chini ya tenki, injini inavuta hiyohiyo, inazima. Mwenye akili timamu atatia gongo kwenye pikipiki?"

"Labda mwenye pikipiki," dereva mmoja akachokoza. "Si mnywaji wewe?"

"Niliacha! Niliapa mbele ya padri, na mke wangu shahidi. Mwulizeni yule pale kama nakunywa!"

Wote wakageukia bajaji.

"Hanywi," Balbina alisema, akimtazama mumewe. "Ile chupa niliyoikuta nyuma ya gunia la mpunga, aliniambia ni ya kuongeza nguvu pikipiki. Jana alipoingia ndani kuvaa viatu, niliimimina yote kwenye tenki, ili tuwahi."